Ncha ya mrija wa chavua: wingi wa mafuta au mahali yalipo?

Chukua hindi changa ambalo ndevu zake zimechomoza juzi, ufuate unywele mmoja hadi chini. Utaukuta umeshikamana na punje moja. Chavua ikitua juu yake huotesha mrija unaoshuka ndani ya uzi huo kwa kasi ya karibu sentimita 1 kwa saa. Mrija mzima ni seli moja, nayo hukua kwenye ncha tu.

Mwaka 1999, utafiti wa mirija ya tumbaku ulionyesha kwamba kwenye utando wa ncha hukusanyika lipidi (aina ya mafuta) iitwayo PIP2, ikishirikiana na Rac, protini inayofanya kazi kama swichi ndani ya seli. Vimeng'enya vya kundi la PIP5K huitengeneza. Kingine, fosfolipasi C, hukaa ubavuni na kuikata isisambae. (Kwa wanyama, kipande kimoja kinachotoka hapo hushika kipokezi chake na kufungulia kalsiamu. Mimea ya nchi kavu haina kipokezi hicho, kwa hiyo tusiazime maelezo ya wanyama kwa pupa.)

Ubishi uko hapa: kinachoamua ukuaji ni kiasi cha PIP2, au ni mahali inapotengenezewa?

Wanaoshikilia kiasi wana hoja nzito. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi, jeni za PIP5K4 na PIP5K5 zikiharibiwa pamoja, chavua huota kwa shida na mirija hudumaa. PIP5K5 ikizidishwa, pektini, kijenzi cha ukuta wa seli, hurundikana ukutani na ncha hugawanyika matawi. Ikipungua ni tabu, ikizidi ni tabu.

Lakini zidisha PIP5K2, inayotengeneza lipidi ileile: matawi huyaoni. Ncha huvimba kama kitunguu, na nyuzi za aktini, kiunzi cha ndani ya seli, huvurugika. Kama kiasi ndicho kila kitu, tofauti hii imetoka wapi? Hadubini zimetoa jibu linalonivutia: PIP5K2 hukaa katika viraka vidogo vya utando, ilhali PIP5K6 ya tumbaku, ambayo athari yake ni ya namna ya PIP5K5, imetawanyika. Mafuta ni yaleyale, majirani ndio tofauti.

Navutiwa, ila sijasalimu amri. Ushahidi wa viraka umetegemea sana jeni kupachikwa kwenye chavua ya tumbaku na kusukumwa zifanye kazi kupita kiasi. Ukimwaga kopo zima la chumvi chunguni, huwezi tena kusema mpishi alikusudia ladha gani. Kwa upande mwingine, kuharibu jeni hutuambia kimeng'enya kinahitajika, hakutuambii kinahitajika wapi. Kipimo ninachokitaka ni kukiacha kimeng'enya katika kiwango chake cha asili, ndani ya mmea wake, kisha kuhamisha makazi yake tu.

Ningeanzia kwenye vinyweleo vya mizizi, ambavyo navyo hukua kwenye ncha, si kwenye chavua. Huko, kupoteza jeni moja tu, PIP5K3, hufupisha vinyweleo, na mmea unaendelea kuishi ukipimwa.