Vestal haikuwa jirani wa Arizona tu

Ukitafuta habari za Vestal, meli ya karakana ya jeshi la majini la Marekani, utasimuliwa asubuhi moja tu: 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, nayo imefungwa ubavuni mwa manowari Arizona. Asubuhi hiyo inastahili kukumbukwa. Lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa ilianza miezi tisa baadaye, nayo haisimuliwi.

Pearl Harbor, basi, kwa kifupi. Mabomu mawili yaliipiga. Moja lilipita karakana ya maseremala, likaacha tundu la kama futi tano chini ya meli. Arizona ilipolipuka, kishindo kilimtupa kamanda wa Vestal, Cassin Young, baharini. Akaogelea, akarudi, akafuta amri ya kuihama meli. Kamba zikakatwa kwa mashoka, tagi, mashua ya kukokota meli, ikavuta omo, yaani sehemu ya mbele. Maji yalipozidi kupanda, Young hakungoja: aliipweleza, yaani aliikwamisha kwa makusudi kwenye maji mafupi, huko Aiea, bandarini humohumo. Meli iliyopwelewa kwa hiari hutengenezeka. Iliyozama hadi sitaha ya juu, mitambo na nyaya zake zimekwisha loa chumvi. Mafundi wa Vestal wakashiriki kukata tumbo la manowari Oklahoma iliyopinduka ili kuwatoa waliokwama ndani.

Sasa Tongatapu, kisiwa cha Tonga katika Pasifiki ya Kusini, 1942. Manowari South Dakota iligonga mwamba tarehe 6 Septemba. Wapiga mbizi sita tu wa Vestal waliipapasa chini hadi usiku wa manane, wakakuta nyufa mfululizo kwenye futi 150 za tumbo lake. Asubuhi ya tarehe 8 ilikuwa tayari kwenda nyumbani kupanda gudi, mahali pakavu pa kutengenezea meli.

Saratoga, manowari ya kubeba ndege iliyopigwa topido 31 Agosti, ilihitaji saruji, na hapa ndipo penye ufundi. Bamba la chuma lililopasuka kwa mlipuko limejikunja kila upande, kwa hiyo bamba jipya halikai juu yake sawasawa. Saruji hujaza umbo lolote. Kwanza unahamisha uzito na kupiga pampu ili tundu lipate nafuu ya maji, kisha unasimamisha sanduku la mbao kuzunguka jeraha na kuliegemeza kwa magogo kwenye mataruma, yaani mbavu za meli. Kosa linaloharibu kazi ni kumwaga saruji huku maji yakisukuma: yanaiosha kabla haijashika. Dawa yake ni bomba linalopita ndani ya sanduku. Unayaacha maji yapite humo mpaka saruji ishike, ndipo unaziba bomba. Hata hivyo kiraka hicho si cha kudumu. Tumbo la meli hujipinda kwenye mawimbi, saruji haijipindi, na siku moja itapasuka. Kinatosha kuifikisha gudini, basi.

Kwa siku 60 hapo Tongatapu, Vestal ilimaliza kazi 963 kwa meli 58. Kisha kisiwa cha Espiritu Santo, katika Vanuatu ya leo, kwa mwaka mzima, kazi 5,603 kwa meli 279. Humo imo manowari Pensacola, ambayo tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ilikuwa inaning'inia baada ya vita vya Tassafaronga, karibu na kisiwa cha Guadalcanal. Ili meli isivutwe nyuma na maji safarini, rafadha tatu, yaani panga za kuisukuma, zikang'olewa, kila moja tani saba, bila gudi, wapiga mbizi wakiwa chini.

Vestal ilipewa nyota mbili za vita. Enterprise, manowari ya kubeba ndege, ilipata 20, na sina kinyongo na hata moja. Lakini Enterprise ilipotoka Nouméa, bandari ambako Vestal ilipita kabla ya Espiritu Santo, 11 Novemba 1942 kwenda kupigana Guadalcanal, mafundi wa Vestal walikuwa bado ndani wakichomelea. Nyota ya vita huhesabu aliyekuwepo mizinga ikilia. Haina mahali pa kuandika kwamba manowari isingekuwepo kabisa bila mwenye saruji na tochi ya kuchomelea. Naona ni kasoro ya kipimo, na waandishi wa historia wanaendelea kuibeba kila wanapofunga habari za Vestal mwaka 1941.

Meli iliyojengwa kubeba makaa ya mawe, ikageuzwa karakana mwaka 1913, ilifika hadi Okinawa mwaka 1945 na ingali inatengeneza wenzake. Iliuzwa 1949, ikavunjwa chuma chakavu mwaka uliofuata.