Dawa ya magugu ni moja dukani, wodini ni mbili

Msimu wa palizi ukifika, kuanzia Mbozi hadi Mbarali, mkulima huingia dukani akaomba "dawa ya magugu", basi. Sokoni Igurusi nilimwona muuzaji akiipima kwa kifuniko, akaimimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. "Haya mama, hiyo inakutosha." Chupa haina karatasi. Mtoto akiinywa kwa bahati mbaya, daktari aanzie wapi?

Maana "dawa ya magugu" inaweza kuwa glaifoseti au parakwati, na kwa mgonjwa hizo ni sumu mbili tofauti kabisa. Aliyekunywa glaifoseti huja na kishindo: anatapika, anaharisha, koo linawaka, akiwa amekunywa nyingi, presha inashuka na figo zinagoma. Mengi ya hayo huletwa na sabuni inayochanganywa humo ili dawa ishike majani. Sri Lanka walifuatiliwa wagonjwa 601 wa glaifoseti. Waliokufa walikuwa kama 3 katika kila 100.

Wa parakwati humdanganya mtu. Siku ya pili anaweza kuwa amekaa kitandani anaongea, analalamikia vidonda vya mdomo tu, na ndugu wameshaanza kuulizia ruhusa. Kumbe figo zinafeli, na mapafu, ambayo huivuta sumu hiyo kutoka kwenye damu, yanaanza kufanya makovu. Wengi wao hufa, baadhi baada ya wiki mbili tatu, akili timamu, pumzi ikipungua. Dawa ya kuiondoa hakuna. Hata oksijeni, tunayoikimbilia kwanza, huichochea, kwa hiyo madaktari huibania mpaka pale inapolazimu.

Ipigwe marufuku? Mkulima ana hoja, tena nzito. Parakwati huunguza nyasi kwa siku chache, na mvua ikishuka muda mfupi baada ya kupuliza haina neno. Glaifoseti hutaka saa kadhaa za ukavu. Nenda kazitafute Rungwe mwezi Machi! Na vibarua wa jembe si bei rahisi.

Lakini Korea Kusini waliiondoa parakwati sokoni mwaka 2012, vifo vikapungua na mavuno hayakuanguka. Mimi naelemea huko, bila kuiita glaifoseti salama: kwa mzee mwenye figo dhaifu hata hiyo inaua.

Nilimuuliza yule muuzaji chupani mlikuwa na ipi.

"Ile ya kuunguza," akasema, akamgeukia mteja mwingine.