Namba za kwenye boksi hazinibabaishi tena

Boksi la kadi yangu ya sauti, kile kifaa kinachoipa kompyuta uwezo wa kutoa na kurekodi sauti, liliandikwa kwa herufi za dhahabu: biti 24, kilohezi 192. Hela yake ilinitoa jasho. Nikaichomeka, nikavaa hedifoni, na kabla muziki haujaanza nikasikia ziiii. Kila nikisogeza mausi, ziiii inabadilika sauti.

Tukianza na hizo kilohezi, yaani sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde: CD ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na nusu ya namba hiyo, yaani hezi 22,050 (mitetemo kwa sekunde), ndiyo sauti nyembamba kuliko zote inayoweza kuibeba. Sikio la kijana mzima hukomea kwenye 20,000 hivi, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo linavyozidi kushuka. Kadi ya 192 inaweza kufika hezi 96,000. Namhifadhia nani, popo? Na dakika moja ya muziki wa namna hiyo hula megabaiti 69, wakati ya CD haifiki 11. Halafu wengi wetu tunapiga MP3 iliyobanwa mpaka ikakauka. Kilichokatwa humo hakuna kadi ya kukirudisha.

Biti ni habari nyingine. Hizo ndizo zinazoamua umbali kati ya mnong'ono na kelele: biti 16 hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi, 24 hutoa 144. Za kwenye karatasi, lakini. Saketi yenyewe ina mvumo wake unaozimeza biti za mwisho, na ukiiweka ndani ya kompyuta, jirani na pawa saplai na kadi ya picha, ndiyo ziiii yangu hiyo.

Sizibezi biti 24, maana kwenye kurekodi zimeniokoa. Mwimbaji anaanza kwa upole, ghafla anapaza. Ukiwa umeacha nafasi ya kutosha juu, sauti haipasuki, na baadaye unaipandisha bila kupandisha mchakacho. Kwa kusikiliza tu, 16 zinanitosha. Siku hizi nikienda dukani natafuta maandishi madogo nyuma ya boksi, yanayotaja uwiano wa sauti na kelele, yaani muziki unauzidi mvumo wa saketi kwa kiasi gani.

Nilimaliza shida kwa kadi ndogo ya USB inayokaa mezani, nje ya kompyuta. Ya herufi za dhahabu bado imo ndani. Nimeichomekea spika za kusikilizia mpira.