Muuzaji mdogo na neno alilonyang'anywa: haki katika tathmini za minada ya mtandaoni

Mwezi Mei 2008 kampuni ya eBay, yenye mnada wa mtandaoni ambapo watu huuziana vitu, iliwanyang'anya wauzaji wake haki waliyokuwa nayo tangu 1996. Kuanzia hapo muuzaji hakuruhusiwa tena kumpa mnunuzi alama mbaya wala alama ya kati; ama amsifu, ama anyamaze. Mnunuzi alibaki na zote tatu, na mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameshaongezewa nyota, 1 hadi 5, za kupima mambo manne: kama bidhaa imefanana na maelezo yake, mawasiliano, muda wa kutuma mzigo, na gharama za kuutuma. Nyota hizo hazionyeshi nani amezitoa. Kanuni hiyo ilipotangazwa mwanzoni mwa 2008, baadhi ya wauzaji waligoma wiki nzima mwezi Februari, wasiweke bidhaa wala wasiuze. Mgomo ukapita, kanuni ikakaa, na siku hizi jambo lenyewe husimuliwa kana kwamba lilikwisha vizuri: mnunuzi alikuwa mnyonge, muuzaji alikuwa na nguvu, na mnyonge akapewa nafasi ya kusema bila kuogopa. Masimulizi hayo si ya uongo. Ila yanamzungumzia muuzaji kana kwamba wauzaji wote ni mtu mmoja, tena mtu mwenye ghala, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo.

Kwanza tuutendee haki upande wa mnunuzi, kwa sababu hoja zake ni nzito. Pierre Omidyar, aliyeuanzisha mnada huo mwaka 1995, aliwaandikia watumiaji wake barua mwezi Februari 1996 akiwaomba wasifiane hadharani panapostahili sifa na walalamike hadharani panapostahili lawama, ili wasio waaminifu wakose pa kujificha. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na kasoro ambayo haikuchukua muda kuonekana: kila upande uliona alama ya mwenzake mara tu ilipotolewa, kwa hiyo aliyetangulia kusema ndiye aliyekuwa uchi. Muuzaji mjanja alingoja. Akisifiwa, alisifu, akipewa alama mbaya, kile kiduara chekundu chenye alama ya kutoa, naye alikirudisha kilekile, kisha akamwandikia mnunuzi: futa yako, nami nifute yangu. Mnunuzi aliyeuziwa kamera mbovu alijikuta akipima kati ya kusema kweli na kulinda jina lake mwenyewe, na wengi walichagua kulinda jina.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu za Paul Resnick na Richard Zeckhauser, waliochunguza mauzo ya mwaka 1999. Takriban nusu tu ya wanunuzi waliacha tathmini, na kati ya tathmini hizo asilimia 99.1 zilikuwa nzuri. Hakuna soko la watu wasiojuana, wanaotumiana vitu vikuukuu kwa posta, ambalo wateja wake wanaridhika kwa kiwango hicho. Ndani ya namba hiyo mna woga mwingi. Isitoshe, wanauchumi Tobias Klein, Christian Lambertz na Konrad Stahl walipochunguza kilichotokea baada ya Mei 2008, waliona kwamba nyota za wauzaji zilipanda, na zilipanda bila wauzaji wabovu kukimbia kwa wingi. Yaani watu walewale walianza kuuza vizuri zaidi kwa kuwa sasa walijua mnunuzi anaweza kusema. Ni ushahidi mzuri, na ninaukubali.

Ninachouliza ni gharama ya mafanikio hayo imelipwa na nani.

Kuna jaribio ambalo Resnick, Zeckhauser na wenzao walilichapisha mwaka 2006. Mfanyabiashara halisi wa postikadi za kale, mwenye tathmini nzuri zipatazo 2,000, aliuza postikadi zinazofanana jozi kwa jozi: moja kwa jina lake linalojulikana, nyingine kwa jina jipya ambalo hakuna aliyelifahamu. Bidhaa ni ileile, mikono inayofunga bahasha ni ileile. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina la zamani. Basi jina jema ni mali kama mtaji mwingine wowote, na mwenye jina jipya anaingia sokoni akiwa ameshapungukiwa kabla hajakosea chochote. Jaribio hilohilo, ni lazima niseme, halikuona kwamba alama mbaya moja au mbili zilimshusha bei zaidi mwenye jina jipya. Wanaoitetea kanuni ya 2008 wanaweza kulishika hilo, na wana haki.

Lakini bei ni jambo moja na mwenendo wa mauzo ni jambo jingine. Luís Cabral na Ali Hortaçsu, katika utafiti wao wa 2010, waliwafuatilia wauzaji wa eBay kwa muda na kugundua kwamba kabla ya alama mbaya ya kwanza mauzo ya muuzaji yalikuwa yakikua kwa asilimia 5 kila wiki, na baada ya alama hiyo yakaanza kushuka kwa asilimia 8 kila wiki. Hiyo ni alama moja tu, ya kwanza. Waliona pia kwamba alama mbaya zinazofuata huja upesi zaidi kwa asilimia 25, ingawa hazina kishindo cha ile ya kwanza. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu inabadilisha maana ya swali zima. Biashara inayokua kwa asilimia 5 kwa wiki huzidi mara mbili ndani ya wiki kumi na tano. Inayoshuka kwa asilimia 8 hupoteza nusu yake ndani ya wiki tisa. Kati ya njia hizo mbili kuna mnunuzi mmoja, pengine mwenye haki kabisa, pengine aliyekasirikia posta iliyochelewesha bahasha, na muuzaji hana la kufanya hadharani ila kuandika jibu fupi chini ya lawama.

Wapo watakaosema kwamba huenda muuzaji mwenyewe hulegea baada ya kupoteza rekodi safi, na kwamba mauzo hushuka kwa uzembe wake. Watafiti wenyewe hawakulipuuza hilo. Hata kama ni hivyo, mtu anayekata tamaa baada ya doa moja ni mtu aliyejifunza kutokana na mfumo wenyewe kwamba doa halifutiki, na hesabu za kawaida za darasani zinaonyesha kwamba hakukosea sana kujifunza hivyo.

Tuseme kuna mama anayeuza postikadi za zamani, kama zile za Unguja zenye picha za majahazi na milango ya Mji Mkongwe ambazo mpaka leo zinanunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya. Ana tathmini 20 katika miezi kumi na miwili: 19 nzuri na 1 mbaya. Asilimia inayokaa kando ya jina lake ni 95. Darasani 95 ni alama ya kujivunia. Katika eBay, Chris Nosko na Steven Tadelis walipozichambua data za kampuni hiyo, wastani wa wauzaji ulikuwa asilimia 99.3, aliyekuwa katikati kabisa ya orodha alikuwa na 100, na aliyekuwa juu kidogo tu ya sehemu ya kumi ya mwisho alikuwa na 97.8. Kwa hiyo mama yetu wa 95, aliyewaridhisha watu 19 kati ya 20, yumo mkiani, pamoja na matapeli. Ili afike hiyo 97.8 anahitaji tathmini nzuri 45 kwa ile mbaya moja, yaani 26 zaidi, na kwa kuwa si kila mnunuzi anayeridhika huandika, atalazimika kuuza postikadi kama 40 bila kosa hata moja. Akiuza moja kwa wiki, hiyo ni miezi tisa. Wakati huo tathmini zake nzuri za mwanzo nazo zinatoka katika hesabu, kwa sababu asilimia huhesabiwa kwa miezi kumi na miwili tu. Sasa mweke kando yake muuzaji mwenye tathmini 5,000. Alama mbaya moja inamshusha hadi 99.98, na hata mwenyewe huenda asiione. Kanuni ni ileile kwa wote wawili, ila mmoja inamkwaruza na mwingine inamvunja mguu.

Na mnunuzi aliyemvunja huyu mama mguu, nani anamjua? Hapa ndipo kanuni ya 2008 ilipoharibu kitu ambacho si muuzaji peke yake aliyekihitaji. Kwa kuwa muuzaji anaweza kutoa alama nzuri tu, kila mnunuzi ana sifa njema. Aliyeshinda mnada na hakulipa, aliyedai kwamba mzigo haukufika ilhali umefika, aliyerudisha bahasha yenye postikadi nyingine ndani, na yule aliyelipa siku ileile na kuandika ahsante: alama zao zinafanana. Namba iliyo kando ya jina la mnunuzi imekuwa sarafu isiyonunua kitu. Ni kweli eBay inamruhusu muuzaji kumripoti asiyelipa, kumzuia mnunuzi asirudi dukani kwake, na inakataza mnunuzi kutishia alama mbaya ili apunguziwe bei. Hizo ni njia za faragha. Zinamsaidia aliyekwisha kuumia, wala hazimwonyi muuzaji wa pili, na ule ujumbe wa 1996, kwamba asiye mwaminifu akose pa kujificha, kwa upande wa mnunuzi umekufa.

Hoja kubwa kuliko zote dhidi yangu ni kwamba mnunuzi hulipa kwanza. Muuzaji anapotuma mzigo, pesa ameshaipata. Hana haja ya kujua tabia ya mtu ambaye fedha zake anazo mkononi. Mwaka 1999 hoja hiyo ilitosha kumaliza mjadala. Haitoshi tena tangu eBay yenyewe ilipoanza kumhakikishia mnunuzi kurudishiwa pesa yake ikiwa bidhaa haikufika au haikufanana na maelezo. Dhamana hiyo ni nzuri na sitaki iondolewe. Lakini maana yake ni kwamba pesa iliyoingia kwa muuzaji bado inaweza kutoka, na postikadi iliyokwenda ikiwa imenyooka inaweza kurudi ikiwa imekunjwa. Hatari zimekuwa za pande mbili, ilhali neno la hadharani limebaki la upande mmoja.

Sitetei kurudi nyuma ya 2008. Kisasi kilikuwepo, na ukweli uliokuwa ukitoka kwa wauzaji ulikuwa umechanganyika nacho kiasi kwamba ni vigumu kusema tulipoteza taarifa kiasi gani ulipokatwa. Ila kisasi kilitokana na mpangilio wa kila mmoja kuona alama ya mwenzake, na mpangilio huo ulikuwa na dawa nyingine isiyomziba mtu mdomo. Wanauchumi Gary Bolton, Ben Greiner na Axel Ockenfels waliilinganisha dawa hiyo katika maabara na ile ya nyota za mnunuzi zisizoonyesha mtoaji: kila mmoja aandike bila kuona alichoandika mwenzake, kisha tathmini zifunuliwe pamoja. Airbnb, mtandao wa kukodishia wageni vyumba na nyumba, imefanya hivyo tangu 2014. Mgeni na mwenyeji wana siku 14, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wameandika au siku zimekwisha. Kilichohofiwa kuhusu njia hii ni kwamba watu wangeacha kuandika, kwa kuwa wengi huandika ili nao waandikiwe. Jaribio lililofanywa ndani ya Airbnb lilionyesha kinyume: tathmini ziliongezeka, na kulipiziana kukapungua. Ni kweli kwamba kumlaza mgeni chumbani mwako si sawa na kumtumia mtu bahasha, na mwenyeji ana sababu kubwa zaidi ya kutaka kumjua mgeni wake. Hata hivyo, sababu ndogo si sawa na kukosa sababu.

Nosko na Tadelis waligundua jambo jingine ambalo lingemsaidia mnunuzi na muuzaji mdogo kwa pamoja. Walichukua tathmini nzuri za muuzaji wakazigawa kwa mauzo yake yote, badala ya kuzigawa kwa tathmini pekee, na ule wastani wa 99.3 ukashuka hadi karibu 64. Ndani ya ukimya ule wa zaidi ya theluthi moja ya mauzo walikuwemo wanunuzi wengi waliochukizwa lakini hawakutaka ugomvi, na ukimya huo ulitabiri vizuri zaidi kama mnunuzi angerudi kununua tena kwenye mtandao huo. Kipimo hicho hakimlazimishi mtu yeyote kumpaka mwenzake matope. Hata hicho, kwa mwenye mauzo machache, kisigeuzwe asilimia. Asilimia ya vitu ishirini humdhulumu mwenye ishirini. Kando ya jina la mama wa postikadi paandikwe tu kilichotokea: ameuza mara 31 mwaka huu, 19 wamemsifu, 1 amelalamika, 11 hawakusema. Na kando ya jina la aliyelalamika pawepo hesabu ya namna hiyohiyo, iliyoandikwa na waliomuuzia.