Vibua Wameshaota?

Mie Mpemba, na Mpemba ukimuuliza kama anajua kulima anakuona umemtukana. Utotoni nimechuma karafuu, nimechambua makonyo, nimeanika kwenye majamvi, na bakora ya babu kwa kosa la kuvunja tawi naikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo masika yalipoingia, mke wangu akalalamika kuwa watoto wanashinda kwenye simu, nikamwambia niachie mimi, tutalima hapa hapa uani.

Jambo moja sikulitaja: mikarafuu ile niliikuta imeshapandwa.

Uwa wetu wa Fuoni, hapa Unguja, si shamba. Ni kifusi alichotuachia fundi, ukichimba unakutana na vigae, misumari na kandambili ya mguu mmoja. Tukatafuta ndoo tupu za rangi, tukazitoboa chini kwa msumari wa moto, tukazijaza udongo wa kuomba kwa jirani. Nikachagua mchicha, mboga ya watu wasio na subira: siku nne tano umechomoza, wiki tatu nne uko chunguni. Mbegu zake nyeusi, zinang'aa, ndogo kuliko ufuta. Nikawafundisha kuzichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke zote pahala pamoja. Mdogo, wa miaka mitano, akaziinamia azione vizuri, akapiga chafya. Nusu ya mbegu ikaenda kwa kuku wa jirani.

Iliyobaki ikaota, alhamdulillahi. Miche ikaja laini kama nywele za mtoto mchanga, na mimi nikaanza kutembea uani mikono nyuma kama bwana shamba.

Hapo ndipo dada mtu, wa miaka minane, akauliza mbolea ni kitu gani. Samadi ya mbuzi hatuna, nami sikutaka kuonekana sina jibu. Nikawaambia hata samaki ni mbolea, utumbo wake ukifukiwa chini sana mmea unashiba. Sikusema uongo, watu wa pwani wanalijua hilo. Tatizo ni kuwa neno utumbo nililitaja mara moja, na samaki nikamtaja mara saba.

Jumapili wakwe zangu wakaja kutoka Wete, Pemba. Mke wangu asubuhi kanunua samaki, vibua kumi na nne, sokoni Mwanakwerekwe, kawaparua, kawatia chumvi na ndimu, kawapanga kwenye sinia na kuwafunika kawa, kisha akaenda kwa jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mimi nilikuwa bandarini Malindi kuwapokea wazee.

Tuliporudi watoto walitupokea mlangoni, matope mpaka viwikoni.

"Baba, mchicha tumeshaushibisha!"

"Mashaallah," nikasema, nikapita na mabegi. Nilidhani maji.

Mara nikasikia jikoni naitwa kwa jina langu na la baba yangu. Mke wangu huniita baba watoto, nikisikia majina yote mawili najua pana msiba. Sinia tupu! Nikatoka mbio na kandambili mkononi, nikampiga nayo paka shume aliyelala zake barazani. Maskini, yeye habari za vibua zilikuwa hazijamfikia.

Zikamfikia. Mimi na baba mkwe tulikwenda msikitini kusali adhuhuri, na tuliporudi kunguru wamejaa ukutani wanapiga makelele. Hawa kunguru waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wasafishe taka za Mji, na siku ile niliona kwa macho yangu kuwa mkataba wao bado haujaisha.

Tukakaa ukumbini, mlango wa uani uko wazi. Akaingia shume, kibua mdomoni, udongo mpaka masikioni, na mche wa mchicha umemsimama utosini kama kilemba. Alipomwona baba mkwe akashtuka, akamwachia kibua miguuni pake, akakimbia.

Mzee akamtazama kibua. Akanitazama mimi.

"Mkwe, siku hizi Unguja samaki mnavuna ardhini?"

Mdogo akamshika babu mkono akampeleka uani kwa furaha. Wakubwa walizikwa na dada mtu, kina cha vidole vinne. Wadogo kawapanda yeye mwenyewe: vichwa chini, mikia juu, safu moja katika ndoo, na kila mmoja kamnywesha kikombe cha maji.

"Hawa ndio mbegu, babu."

Chakula kikawa wali wa nazi, mayai na achari ya embe. Mama mkwe alisifu achari. Alisifu achari mara nne, hakusifu kingine.

Asubuhi baba mkwe akajifunga shuka, akachuchumaa na wajukuu, wakaiokota miche iliyopona wakaipanda upya, na majivu kidogo kuzuia sisimizi. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza paka. Mchicha ulikuja mpana ajabu, sikatai.

Lakini tangu siku hiyo mzee akipiga simu haanzi na habari zenu. Anaanza na, "Mkwe, vibua wameshaota?"

"Bado, babangu," namjibu. "Tunangoja vuli."