Kanga ya bibi imechapwa India

Kwenye kikao cha familia kule Tabata, wiki tatu kabla ya sendofu ya mpwa wangu, shangazi alitoa wazo: safari hii wanawake wa upande wetu tusinunue sare ya kitenge, kila mmoja avae kanga iliyotoka sandukuni kwao. Alikuja na moja ya bibi kama mfano. Kijana wetu msomi akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya ukingoni: imechapwa India. "Sasa hii ni asili ya nani?" Watu wakacheka, lakini swali likabaki pale mezani.

Na lina uzito. Kanga ilizaliwa na biashara ya mwambao katika karne ya 19. Masimulizi yanasema wanawake waliunganisha leso sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja. Vitambaa vilitoka Ulaya, India, baadaye hata Japani. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, tukavaa kanga zilizochapwa hapa hapa mjini. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka ghafi na kurudi ikiwa nguo. Anayeuliza ajira zimekwenda wapi ana haki ya kujibiwa, na jibu lake halimo kwenye sanduku la mtu.

Ila kipimo hicho cha kiwanda tukikishika hadi mwisho, nani atapona? Shuka ya Mmasai nayo ni ya kiwandani. Wazee wake walivaa ngozi. Labda asalimike Mhaya mwenye rubugo la gome la mti. Na kitenge, ambacho msomi wetu hakukipinga hata kidogo, kilianza kwa Wazungu kuiga batiki za Java.

Mimi naona tunatazama upande usio wake. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye pindo moja, mji mmoja (yaani mchoro wa katikati) na jina moja (yale maneno yaliyoandikwa). Ukifika Kariakoo unapewa ikiwa bado ngumu kwa dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa, haijakatwa katikati. Unaikata mwenyewe, unapinda kingo, na hapo ndipo swali linapoanza: cha pili nampa nani? Mama anabaki na kimoja, kingine anampa binti aliyejifungua. Wanawake wawili marafiki wanagawana. Kiwanda hakijui lolote kuhusu mgawo huo, na wala hakiwezi kuuchapa. Kile kipande kitakuwa mbeleko, kitajitandwa msibani, atatunzwa nacho mwali siku ya kutolewa, mwishowe kitashikia sufuria jikoni. Miaka thelathini baadaye mtu akikiona kwako anajua kingine kiko kwa nani, na kama mlikorofishana, anajua pia.

Kwa hiyo napata shaka kidogo hata na shangazi. Kanga iliyofungiwa sandukuni na udi ili itolewe kwa picha za sendofu imeshaachishwa kazi. Afadhali hiyo ya bibi: jina lake *Wema hauozi*, mji umepauka kabisa, na karibu na herufi ya mwisho kuna tundu la cheche ya mkaa, dogo kama punje ya mtama. Ukiipitisha shavuni ni laini kuliko shuka yoyote ya dukani.

Msomi wetu alikuwa bado ameishika. Akauliza, safari hii bila kejeli, kipande cha pili kiko wapi.

Shangazi akasema kilitandikwa juu ya jeneza siku bibi anatolewa nyumbani, kisha akapewa mama aliyemwosha. Yuko Mbagala, mzee sana sasa. Hakuna aliyekuwa amemwandika kwenye orodha ya waalikwa. Katibu akaomba namba yake ya simu.