Mnasema ni dawa, lakini nani alimpima?

Jumapili nilienda kunyoa pale Nyawera, hapa kwetu Bukavu, nikarudi nyumbani na hasira mpaka chakula kikanishinda. Mke wangu akaniuliza nimegombana na nani, nikamwambia sijagombana na mtu, ni neno moja tu. Neno lenyewe ni dawa.

Ilikuwa hivi. Kijana anayenyoa alikuwa ameegemeza simu kwenye kioo, anarudilia ile video ya baiskeli ya Kigali, mashindano ya dunia ya Septemba 2025, pale Pogačar anapowaacha wenzake wote na kumaliza zaidi ya kilomita 60 akiwa peke yake barabarani. Sisi wengine tuko kwenye benchi tunangoja zamu. Papa mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema bila hata kuinua kichwa, "Ule iko na dawa, mutu hawezi fanya vile bule." Wote wakaitika. Mwingine akadakia, "Bale bote banatumiaka." Halafu, kama vile ni habari ile ile inaendelea, akasema, "Sawa vile ule mutoto wa mama ya ndimu kule Kadutu, si naye ilikuwaka dawa?" Wakaitika tena, kwa sauti ile ile.

Pogačar hajawahi kukutwa na kosa, na ana timu, ana mawakili, ana watu wa kumsemea, maneno ya saloni ya Nyawera hayatamfikia. Yule mtoto wa Kadutu hana hata mmoja. Nitarudi kwake.

Huku kwetu hili neno limebebeshwa mizigo mingi mno. Dawa ni ya malaria. Dawa ni ile wanayosema mchezaji alifungwa kiunoni usiku wa kuamkia derby. Dawa ni hata jina la timu, Bukavu Dawa, na nani hajaliimba pale uwanja wa Concorde siku ya kucheza na Muungano? Sasa mtu akisema "yule anatumiaka dawa" hujui anasema sindano ao hirizi, na yeye mwenyewe hajui, na hajiulizi. Kwake ni tuhuma moja. Na sisi watu wa Kivu tunajua tuhuma ya namna hiyo inavyotembea, tumeiona vijijini kwetu, mama mzee ananyooshewa kidole kwamba ni mchawi, anaambiwa aonyeshe kwamba siye. Ataonyesha na nini? Akilia wanasema ni mchawi, asipolia ndiyo kabisa, na mtu akimtetea anaambiwa naye ni wa kundi lao. Uchawi hauna sampuli B, ile chupa ya pili ya mkojo inayofunguliwa kupima tena.

Hiyo tu ndiyo tofauti. Tuhuma ya dawa za kuongeza nguvu inaweza kupimwa: kuna mkojo, kuna damu, kuna chupa mbili zenye namba, kuna kiasi kilichopatikana, kuna tarehe, kuna mtu anapewa nafasi ya kujibu na majibu yake yanaandikwa. Ukiondoa hayo yote ukabaki na "mutu hawezi fanya vile bule", umemrudisha mwanariadha pale alipo yule mama mzee.

Najua mtanijibu Armstrong. Sawa, tuongee Armstrong. Mwendesha baiskeli yule wa Marekani alishinda Tour de France mara 7, kuanzia 1999 hadi 2005, alipimwa miaka yote hiyo, na kila alipoulizwa alijibu kwamba hajawahi kukutwa. Marion Jones, mkimbiaji wa Marekani, naye alikataa miaka na miaka kwamba hatumii dawa, mpaka 2007 alipokubali mwenyewe, akarudisha medali 5 za Olimpiki ya Sydney 2000 na akafungwa jela miezi 6 juu ya kuwadanganya wachunguzi wa serikali. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kutokukutwa si ushahidi wa usafi, nakubali, sina namna ya kukataa, na inaniuma juu nilimpenda sana yule dada.

Lakini angalieni Armstrong alianguka namna gani. Shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, USADA, mwaka 2012 lilikusanya mashahidi 26, na 11 kati yao walikuwa wamewahi kuendesha pamoja naye kwenye timu, watu waliokaa naye chumba kimoja, wakasema chini ya kiapo walichoona na walichojichoma wao wenyewe. Na kabla yao Emma O'Reilly, mwanamke aliyekuwa anakanda misuli ya wachezaji wa timu ile, alishasema wazi kwa jina lake, akatukanwa, akashitakiwa, miaka inapita. Yule alikuwa na shaka na alilipia shaka yake. Sisi kwenye benchi tunalipa nini?

Kisha kuna Chepngetich, yule mkimbiaji wa Kenya, na hapa ndipo wengi wetu tulichanganyikiwa. Marathoni ya Chicago, Oktoba 2024, saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Mwandishi mmoja akamuuliza palepale kuhusu tuhuma za dawa na Kenya nzima ikawaka, na mimi huku Bukavu nikawaka nao, nikasema hawa wazungu kila Mwafrika akishinda wanatafuta sindano. Machi 2025 wachunguzi wakachukua mkojo wake, wakakuta hydrochlorothiazide, ile dawa ya presha ambayo wazee wetu wanaimeza kila siku na ambayo kwa mwanariadha inaweza kuficha vitu vingine kwa kumkojoza. Kiwango kinachoanza kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita, yeye alikuwa na 3,800. Mwanzo hakuwa na maelezo, baadaye akasema alijisikia vibaya akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, wakaandika kwa nini hawakumwamini, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago ilibaki, juu mkojo ule ulichukuliwa miezi mingi baada ya mbio zile.

Nilipata uchungu, siwafichi. Lakini nikisoma ninaona namba, ninaona tarehe, ninaona alichosema na walichomjibu. Naweza kukasirika nikiwa na kitu mkononi. Na wanaosema "basi na Chicago ilikuwa dawa", huenda ni kweli, lakini hakuna aliyeikuta Chicago, na mimi sitasema neno ambalo wachunguzi wenyewe, na maabara zao zote, hawakulisema.

Sasa niwageukie wale wakubwa wenye maofisi, juu sitaki kuwabebesha watu wa saloni kosa lote. Nani alitufundisha kukisia? Ni ninyi mnaofunga mlango. Januari 2021 waogeleaji 23 wa China walikutwa na trimetazidine, dawa ya moyo. Wakubwa wa kule wakachunguza wenyewe, wakasema ilitoka kwenye jiko la hoteli, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ikaipokea hiyo hadithi, hakuna aliyefungiwa, hakuna jina lililotangazwa, na baadhi yao wakaenda Olimpiki ya Tokyo mwaka ule ule wakarudi na medali. Dunia ilikuja kujua Aprili 2024, na hata hapo ni juu waandishi wa Marekani na Ujerumani walichimba. Inawezekana ilikuwa kweli ni jiko! Mimi sina cha kupinga jiko. Lakini miaka mitatu mmekaa na jambo la watu 23 moyoni, halafu mnataka mtu wa Bukavu aliyesikia habari hiyo kwenye redio awaamini siku mtakaposema fulani ni msafi? Ukificha karatasi umemwachia mtu hirizi, atashika hirizi.

Ao Sinner, yule mcheza tenisi wa Italia. Machi 2024 alikutwa mara mbili na clostebol, dawa ya kujenga misuli, ikasemwa mtu aliyekuwa anamkanda alikuwa amejipulizia dawa yenye kitu hicho kwenye kidole alichojikata, ikapita kwenye ngozi. Mimi namwamini, niwaambie ukweli, kiasi kilikuwa kidogo sana na maelezo yalishikana. Lakini watu walijua Agosti, akiwa ameshaendelea kucheza miezi yote hiyo, na mwisho wake Februari 2025 wakapatana na WADA miezi 3 ambayo haikugusa hata moja ya yale mashindano makubwa manne. Simona Halep, naye wa tenisi, alisimamishwa Oktoba 2022 na akakaa nje mpaka Machi 2024, ndipo mahakama ya michezo ikasema adhabu iliyomfaa ilikuwa miezi 9. Miezi 9! Alikuwa ameshakaa karibu mara mbili ya hiyo. Nani atamrudishia? Mtu akiweka hao wawili pembeni pembeni akasema kuna wenye bahati na wasio na bahati, nitamkatalia na maneno gani?

Na kuna wale wa vidonge vya mke. Mchezaji wa mpira Kolo Touré 2011, miezi 6, vidonge vya kupunguza mwili vya mke wake. Kipa Onana 2021, alijisikia vibaya akachukua kidonge, kumbe ni cha mke wake, wakampa miezi 12, mahakama ikapunguza ikawa 9, na UEFA wenyewe walikubali hakukusudia kudanganya. Sheria inasema kilicho mwilini mwako ni chako. Naielewa. Lakini huku kwetu unaenda farmasi ya kwenye kona na franka elfu moja, wanakuhesabia vidonge vinne, wanavifunga kwenye karatasi iliyochanwa daftarini yenye hesabu za mtoto bado, hakuna boksi, hakuna jina, unaambiwa kimoja asubuhi kimoja jioni. Mwanariadha wa hapa atajua amemeza nini?

Basi yule kijana. Alikuwa anashuka Kadutu saa kumi na moja alfajiri, anapita Nyawera, anaenda hadi Nguba na kurudi, na kile kilima cha kurudi mnakijua. Mkononi alikuwa na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, karatasi yake imebanduka, ndani maji ya manjano. Aliposhinda mbio za mtaa, akiwaacha wa pili mbali sana, mtu mmoja akaonyesha ile chupa. Ikatosha. Waandaaji, siwataji, wakamwambia zawadi ingoje kwanza, kuna uchunguzi. Hakuna aliyemwomba mkojo. Hakuna aliyeandika jina lake kwenye karatasi. Hakuna hata aliyefungua ile chupa kunusa. Niliifungua mimi, wiki moja baadaye, nyumbani kwao: ndimu, sukari, na chumvi iliyozidi kidogo, nyuzi za ndimu zinaelea juu. Mama yake anauza ndimu, na ndimu ambazo hazikununuliwa zilikuwa zinaishia mle.

Uchunguzi ule haujaisha mpaka leo, maana haukuanza. Yeye amesimama kukimbia. Anasukuma mizigo sokoni, na wenzake wakimwona amebeba gunia kubwa bado wanamwita Dawa.

Mwezi uliopita nilipita kwao. Mama yake akanikalisha, akaniuliza kwa upole kabisa, "Papa, wewe unasomaka mambo ya inje. Ni fasi gani banapimaka? Nimupeleke mutoto bamupime, batu baone." Nikaanza kumweleza kwamba maabara ninayoijua iko Bloemfontein, Afrika Kusini, na kwamba hata hivyo mzazi hapeleki tu mkojo wa mtoto wake kwa mkono, ni lazima kuna shirika linaloagiza, kuna mtu wa kuchukua sampuli, kuna karatasi. Alikuwa ananisikiliza na kutikisa kichwa. Ile chupa ilikuwa ukutani nyuma yake, ameshaiosha, ameigeuza kichwa chini ikauke.